Wachora kuta wa Tanga: mkono wanao, subira hawana

Ukimwita fundi akuchoree ukuta wa maskani, wa tawi la chama au wa shule hapa Tanga, bei atakayokutajia karibu yote ni ya siku mbili za kazi: kupaka rangi ya chini, kupiga mistari, kuchora, kuandika jina na kushuka jukwaani. Kwa hizo siku mbili, mafundi wa jiji hili ni wazuri. Lakini umri wa mchoro unaamuliwa na mambo mawili ambayo hayamo kwenye bei: ukuta kukaushwa na mtaa kuulizwa. Huko ndiko huduma hii inakopoteza nyota zake.

Mkono kwanza. Watu hawa wamekulia kwenye vibao vya maduka na ubavu wa daladala, kwa hiyo herufi haziwasumbui. Neno la mita nne linakaa sawa kwenye mstari, nafasi kati ya herufi zinalingana, na kona zinakuwa kali bila kubandika tepu. Tusilidharau hilo. Kule Ireland ya Kaskazini, katika mji ambao hata jina lake linagombaniwa (upande mmoja Derry, upande wa pili Londonderry), mmoja wa kuta mashuhuri kuliko zote hauhitaji picha: ni maandishi meusi juu ya weupe, yaliyoandikwa 1969 ubavuni mwa nyumba kumwambia mpita njia kwamba sasa anaingia Derry iliyo huru. Nyumba zenyewe zilishabomolewa, ukuta ukaachwa umesimama peke yake. Umerudiwa mara nyingi, na unarudiwa kwa urahisi, kwa sababu herufi kubwa za rangi moja zinaweza kurudiwa na yeyote mwenye mkono uliotulia. Uso wa mtu haurudiwi hivyo. Maandishi ya Tanga: nyota tano.

Kwenye nyuso wapo wanaokadiria kwa macho na wapo wanaopiga miraba. Chukua wa miraba. Picha ya sentimita 30 kwa 20 ikigawanywa miraba ya sentimita 2.5, na ukuta miraba ya sentimita 25, unapata mchoro wa mita 3 kwa 2, na jicho lililopanda juu kuliko mwenzake linagundulika kabla kopo halijafunguliwa. Mistari ipigwe kwa uzi wa chaki. Makapeni hapana: wino wake hupenya rangi ya maji, na baada ya muda utaona miraba inachungulia kwenye shavu la marehemu. Nyuso tunazipa nyota tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya wale wanaokubali kurudi asubuhi ya pili kuangalia kazi kwa mwanga mwingine.

Kasoro inaanzia kwenye rangi. Wengi hupenda rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa na inateleza vizuri, na pia kwa sababu uchoraji wa nchi hii umelelewa nayo. Tangu Edward Tingatinga aanze kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968, rangi ya mafuta juu ya hadibodi imekuwa shule ya wachoraji wengi. Hadibodi haina ugomvi na mafuta. Lipu ya saruji inao. Lipu changa ina ukali kama wa magadi ndani yake, na ikikutana na mafuta ya rangi hutokea kilekile kinachotokea kwenye sufuria ya mpika sabuni. Rangi inalainika, inanata, kisha inaachia vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Kwenye nyumba za zamani za mawe na chokaa ni balaa zaidi, maana ukuta ule unapumua. Ukiuziba, unyevu unatafuta mlango mwingine na kuondoka na lipu.

Kwa hiyo dai rangi ya maji ya nje. Fundi akileta rangi ya ndani aliyoitia gundi nyeupe "ili ishike", mrudishe nayo: gundi hiyo hulainika tena ikinyeshewa. Hesabu nayo uijue mwenyewe. Ukuta wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Lipu iliyopigwa msasa hunywa kama lita 1 kwa kila mita za mraba 8, mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Praima ya kuzuia ukali wa saruji, mkono mmoja, ni lita 2 na robo. Nyeupe ya chini, mikono miwili, ni lita 4 na nusu. Rangi za picha ni juu ya hapo, na kwa ukuta huo lita moja moja ya nyekundu, bluu, njano na nyeusi kwa kawaida hutosha, kahawia nusu lita. Anayefika na galoni moja ya lita 4 kwa kazi yote ana mpango wa kuongeza maji. Maji yasizidi sehemu 1 kwa 10 za rangi, na ni mkono wa kwanza tu.

Tuje kwenye ukuta wenyewe, maana hapa ndipo tulipowapa nyota moja tu. Ule unga mweupe unaotoka chini na kusukuma rangi, ambao kila mtu anauita fangasi, ni chumvi. Inapanda na unyevu kutoka msingini, au ilikuwamo tangu mwanzo kwa sababu lipu ilichanganywa na mchanga wa ufukweni. Dawa za kuua fangasi haziigusi. Kuiosha kwa maji ni kuiyeyusha irudi ndani ikusubiri. Isugue kwa brashi ngumu, kavu, uifagie iondoke kabisa, ngoja wiki, usugue tena. Ikiendelea kutoka, tafuta maji yanakoingilia kabla ya kutafuta mchoraji. Lipu mpya iachwe siku 28. Kwa ukuta wa zamani, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa tepu jioni. Kesho yake ukikuta jasho ndani, bado. Hata ukuta ukiwa mkavu, nusu mita ya chini usiweke picha. Paka rangi ya kiza, ili tope la mvua na chumvi vikija uparudie hapo bila kumgusa mtu usoni.

Majira ni kosa la mteja kuliko la fundi. Kazi nyingi za vyama huitwa karibu na uchaguzi, yaani kuelekea Oktoba, na vuli inazikuta rangi hazijakomaa. Juni hadi Septemba ni salama, Januari na Februari pia. Mji wenyewe una msemo wake wa waja leo waondoka leo. Mchoro haukutajwa humo.

Rangi nazo zina mitaa yake. Kijani na njano hapa ni CCM, na ni Yanga. Shabiki wa Simba akikuta zahanati imepakwa hivyo hajui anune kwa siasa au kwa mpira. Na hili ni jiji ambalo jimbo lake, Tanga Mjini, lilikwenda CUF mwaka 2015 na kurudi CCM 2020, kwa hiyo nyekundu, bluu na nyeupe zikikaa pamoja, kama za CUF, nazo zinasomwa. Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, wamefika mbali zaidi: hata kingo za njia za miguu hupakwa, nyekundu, nyeupe na bluu kwa wanaotaka kubaki na Uingereza, kijani, nyeupe na rangi ya chungwa kwa wanaotaka Ireland moja, na mgeni anajua yuko kwa nani kabla hajainua macho. Nyekundu ang'avu, bahati mbaya, ndiyo hufa mapema juani, njano inaifuata. Nyekundu ya kutu hudumu zaidi. Kuna kuta za vyama zimeshakuwa waridi bila mkutano wowote kuamua.

Kuuliza mtaa, fundi atasema si kazi yake. Ana haki kiasi, lakini yeye ndiye anayejua mchoro upi utamwagiwa oili chafu usiku na wasioutaka. Oili hiyo haifunikwi kwa rangi ya maji, inapenya. Ukuta ukwanguliwe, uoshwe kwa sabuni ya unga, ukauke, kisha doa lizibwe kwa praima ya mafuta, pahali pekee ambapo mafuta yana kazi. Nafuu ni kuzuia. Ireland ya Kaskazini, tangu 2006, Baraza la Sanaa liliendesha mpango wa kubadili michoro ya makundi yenye silaha, na fedha ziliendana na mazungumzo na wakazi. Kule Derry wachoraji wa mtaa wa Bogside walimchora msichana wa miaka 14 aliyeuawa 1971, wakamwacha kipepeo juu yake bila rangi hadi walipoamini amani imeshika. Bunduki pembeni yake nayo baadaye ikachorwa imevunjika. Mchoro ulioacha nafasi ya kubadilika hauhitaji kufutwa.

Kwa hapa kwetu: idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, muhuri wa serikali ya mtaa, na mchoro mdogo wa rangi ubandikwe pale pale ukutani siku saba kabla. Watakaobisha wabishe na karatasi.

Malipo yagawe mara tatu: ukuta ukiwa tayari, mchoro ukiisha, na fungu la mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Wapo mafundi wanaokubali sharti hilo, waite hao. Kila rangi ibakishwe robo lita kwenye chupa iliyofungwa vizuri, iandikwe jina na tarehe, ikae kwa katibu, si kwa fundi.