Vidonge vya chai ya kijani vya kuondoa kitambi: uzoefu wangu

Nianze na mnachokitaka wengi: ndiyo, nilipungua. Kama kilo tatu hivi, suruali ya kazini ikafunga bila kubana pumzi. Ila nyama uzembe zilibaki palepale, na sidhani kama kilo zile ni mafuta yaliyoyeyuka. Chakula kilikuwa kinanichefua tu.

Kopo ni zuri, la kijani, lina picha ya jani na maandishi "asilia 100%, halina madhara". Nililipia kwa simu, bodaboda akalileta hadi getini. Ndani ni dondoo ya majani ya chai ya kijani: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, tumbo likiwa tupu.

Hapo kwenye tumbo tupu ndipo penye kazi. Chai ya kijani ya kikombe haina neno kwa watu wengi. Kinacholisumbua ini ni EGCG, kemikali iliyomo kwenye jani, ikishakamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge, na ukiimeza kabla ya kula huingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa virutubisho vyenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Kopo langu limetaja uzito wa dondoo. EGCG ni kiasi gani, kimya.

Mwili ulipoanza kuwasha na mkojo ukageuka rangi ya Coca-Cola, nilimwandikia muuzaji. Hajachelewa kujibu, hilo nampa: "Hongera mpendwa, hiyo ni sumu inatoka. Ongeza maji, usikatishe dozi." Kwangu mimi jibu hilo ni baya kuliko vidonge vyenyewe, maana mkojo wa namna hiyo ndiyo dalili ya kuacha siku hiyohiyo na kwenda hospitali.

Wifi yangu ndiye aliyeona macho ya njano. Hospitali wakapima hepatitisi A, B na C, hakuna. ALT, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo vya ini, ilizidi 700, na ya kawaida ni kama 40 kushuka chini. Daktari akauliza, "Kuna dawa unatumia?" Nikajibu hapana. Akaandika, akanyanyua kichwa: "Na za asili je? Za kupunguza mwili?"

Nikaacha vidonge, nikakatazwa pombe, hata paracetamol nisimeze bila kumuuliza. ALT ikashuka wiki hadi wiki. Umanjano ulichelewa zaidi kuondoka. Wengine hawatoki hivyo: Marekani mwaka 2009 Hydroxycut, bidhaa ya kupunguza mwili, iliondolewa sokoni baada ya ripoti 23 za madhara makubwa, mtu mmoja akiwa amefariki kwa ini kushindwa kufanya kazi.

Nikataka kuripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Taarifa inataka jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Nimeligeuza kopo pande zote, kuna namba ya WhatsApp tu.