Safari ya wanafunzi kwenda Málaga: nilichokipata kwa pesa yangu

Kama unasoma Granada, Sevilla au popote pale Andalusia, kusini mwa Hispania, na chama cha wanafunzi kikatangaza safari ya siku moja kwenda Málaga, lipa uende. Ila kabla hujalipa, uliza ni nani atakayewatembeza na atakuwa nanyi kwa saa ngapi. Safari niliyokwenda mwezi Juni ilikuwa na nusu mbili zisizofanana hata kidogo. Asubuhi ilikuwa ya thamani kuliko bei tuliyolipa, mchana haukustahili hata nusu yake, na tofauti ilikuwa mama mmoja mwenyeji wa Málaga aliyejua kila jiwe lilitoka wapi.

Bei yenyewe ilikuwa ya kiwanafunzi: basi la kwenda na kurudi, tiketi za ngome mbili, mtembezaji wa asubuhi na chakula cha mchana. Kutoka Granada ni kama kilomita 125, unapita mizeituni mpaka macho yanachoka, kisha barabara inateremka kwenye vilima na bahari inatokea ghafla mbele. Tulikuwa basi zima, wanafunzi wa kila taifa. Waswahili tulikuwa wachache: mimi wa Mombasa, dada mmoja wa Dodoma na kaka wa Bukavu. Tulikaa viti vya nyuma tukipiga soga kwa lugha yetu, na baada ya miezi mingi ya kung'ang'ana na Kihispania hiyo peke yake ilikuwa raha.

Matembezi yalianza kwenye ukumbi wa maonyesho wa Kirumi, chini kabisa ya kilima, barabarani ambapo watu wanakunywa kahawa. Ulijengwa zamani za Kaizari Augusto, ukafukiwa na kusahauliwa, na haukuonekana tena mpaka mwaka 1951. Wakati huo juu yake kulikuwa kumeshajengwa jumba la utamaduni, na jumba hilo lilikuja kubomolewa katika miaka ya 1990 ili ngazi za mawe zitoke zote. Kuingia ni bure. Pembeni, chini ya kioo, utaona mabirika ambamo Warumi walitengeneza mchuzi wa samaki waliooza kwa chumvi, wakausafirisha kwa meli kwenda kuuza mbali. Wengi walipiga picha za ngazi wakaondoka. Mtembezaji wetu alitusimamisha pale kwenye mabirika na kusema mji huu umekuwa ukila kwa samaki tangu Wafoinike, mabaharia wafanyabiashara wa kale kutoka upande wa Lebanoni, walipoweka makazi yao hapa, karne nyingi kabla ya Kristo.

Kutoka hapo unapanda Alcazaba, ngome na kasri la watawala Waislamu, ambayo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 11. Hapa ndipo nilipoona faida ya kutembezwa na mtu anayejua. Lango la kwanza linakupindisha kwenye kona kali, adui aliyekuja mbio alazimike kupunguza mwendo huku walinzi wakimsubiri juu. Mbele kidogo kuna lango jingine lenye nguzo za marumaru. Nguzo hizo ni za Kirumi, zilichukuliwa kutoka kwenye majengo ya zamani pale chini. Ungepita bila mtu wa kukuonyesha, ungedhani zote ni kazi ya mkono mmoja. Ndani kuna viwanja vya bustani na vijito vyembamba vya maji vilivyochongwa sakafuni, na katika joto la Juni nilielewa kwa ngozi yangu kwa nini walitaka maji yapite karibu na miguu yao.

Juu zaidi kuna Gibralfaro, ngome ya karne ya 14 iliyojengwa na Yusuf wa Kwanza, sultani wa Granada. Jambo ambalo matangazo hayasemi: ngome hizi mbili zimeunganishwa kwa ukuta, lakini huwezi kupita ndani kutoka moja kwenda nyingine. Lazima utoke Alcazaba, ushuke mpaka nje, kisha upande upya kwa njia ya pembeni, na mwinuko wake si mchezo. Mwenye goti bovu au pumzi fupi achukue basi la mji namba 35, litamfikisha juu. Kwa Alcazaba kuna lifti nyuma ya jengo la halmashauri. Dada wa Dodoma alipanda kwa miguu akiwa na viatu vya kisigino kifupi na alifika kabla yetu, kwa hiyo msitishike sana.

Kule juu mtembezaji alitukalisha kivulini akatueleza mwaka 1487. Fernando na Isabel, mfalme na malkia Wakristo wa Hispania, waliuzingira mji kuanzia Mei mpaka Agosti. Granada, mji tunaosoma sisi, haikuweza kuuokoa, na ilipofika Januari 1492 nayo ikaanguka. Watu wa Málaga walikula walichonacho mpaka kikaisha, wakajisalimisha kwa njaa, na walio wengi wakafanywa watumwa, wakauzwa au wakagawiwa kama zawadi. Alilisema hilo bila kulipamba na bila kuliharakisha. Nimetembezwa kwenye majumba mengi Hispania ambako sehemu hii inarukwa, unaambiwa tu kwamba "Wakristo waliingia," kisha mnaendelea na maua. Kwa mtu aliyekulia pwani yetu, anayejua biashara ya watu iliacha nini Bagamoyo na Zanzibar, habari kama hiyo haipiti sikio moja ikatokea la pili. Kaka wa Bukavu aliuliza walipelekwa wapi. Mama akajibu anachokijua: baadhi Afrika Kaskazini kubadilishana na mateka Wakristo, wengine kwa wakuu wa vita, wengine mpaka Roma kwa Papa. Hakuna aliyeshika simu kwa muda mrefu baada ya hapo.

Tuliposhuka tukaenda kanisa kuu. Lilianza kujengwa mwaka 1528 na kazi ikasimama mwaka 1782 kabla ya mnara wa kusini kukamilika, ndiyo maana wenyeji wanaliita Manquita, mwanamke mwenye mkono mmoja. Liko mahali palipokuwa na msikiti mkuu, na ubavuni lina kiwanja cha michungwa. Hapo sikuweza kunyamaza, nikaomba nafasi ya kusema jambo, na mtembezaji akanipa kwa moyo mkunjufu.

Nikawaambia wenzangu juu ya Ibn Battuta, yule msafiri Mwislamu wa Moroko. Mwaka 1331 alifika Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea mpaka Kilwa. Karibu miaka ishirini baadaye mtu huyohuyo alikuwa hapa Málaga. Aliusifia mji kwa tini, lozi na zabibu zake, na kwa vyombo vya udongo vyenye mng'ao wa dhahabu vilivyouzwa nchi za mbali. Aliusifia na msikiti wake, na hasa kiwanja chake chenye michungwa mirefu ajabu. Msikiti haupo, michungwa ya leo si ile, lakini mahali ni pale. Mtu aliyewaona wazee wa wazee wangu wakisali katika misikiti yao ya mbao kule Mombasa alisimama hatua chache kutoka niliposimama mimi. Wapo waliokuwa wamechoka na jua, wakatafuta kivuli. Wengine walianza kuniuliza maswali juu ya Kilwa ambayo sijaulizwa tangu nifike Hispania. Mtembezaji alitoa daftari akaandika "Kilwa" na kuniomba nimtajie herufi moja moja. Kwangu mimi safari ilikuwa imeshalipa pale.

Baada ya hapo mama akaagana nasi, saa zake zilikuwa zimeisha, na mambo yakaharibika.

Chakula cha mchana kilikuwa kwenye mkahawa mmoja wa watalii karibu na bandari. Kwenye fomu ya kujiandikisha tuliandika wazi nani hali nguruwe. Ulipokuja wali, ulikuwa na vipande vya nguruwe, na sisi Waislamu pamoja na wale wasiokula nyama tukapewa saladi na chipsi kwa bei ileile. Hili linanikera kwa sababu Málaga ni mji wa samaki. Mahali ambapo kila mgahawa unakaanga dagaa wa boquerón, kumnyima mgeni samaki ni uzembe wa mpangaji na hauna kisingizio. Wenzangu Waislamu, kama mtakwenda kwa kikundi, pigeni simu kabla na muulize kwa majina ya vyakula, msiitegemee fomu.

Kisha Makumbusho ya Picasso. Picasso alizaliwa mji huu tarehe 25 Oktoba 1881, nyumba yake iko uwanja wa Merced, na makumbusho yalifunguliwa mwaka 2003 katika jumba la kifahari la karne ya 16. Waandaaji walikuwa wamekata tiketi za nusu ya watu tu. Nusu nyingine ikaambiwa ikajitafutie, na foleni siku ile ilikuwa ndefu. Mimi nilibahatika kuingia. Picha ni nyingi na nzuri, sitajifanya mjuzi wa sanaa, lakini shukeni mpaka chini kabisa ya jengo. Kule wameacha wazi mabaki ya ukuta wa Wafoinike na mabirika mengine ya samaki ya Kirumi, kimya, bila watu, wakati juu mnasukumana. Kwa asiye na haraka ya siku: Jumapili saa mbili za mwisho kabla ya kufunga makumbusho huingiwa bure, na Alcazaba ni bure Jumapili kuanzia saa 8 mchana.

Ratiba iliyobaki ilisema "muda huru" barabara ya Larios. Ni barabara pana, safi, sakafu ya marumaru, na maduka yaleyale utakayoyakuta Madrid na Berlin. Kuwaleta wanafunzi mpaka pwani kisha kuwaweka mchana mzima madukani ni uamuzi ambao bado siuelewi.

Sisi watatu tulipanda basi namba 11 tukaenda Pedregalejo, mtaa wa zamani wa wavuvi upande wa mashariki. Nauli ni ndogo na linapita karibu na ufuo. Huko nyumba ni za chini, vichochoro vinaishia mchangani, na kando ya maji kuna vibanda vya chakula vyenye mashua kuukuu zilizojazwa mchanga. Ndani ya mashua wanawasha moto wa kuni za mzeituni. Dagaa wakubwa, hawa wanaoitwa sardina, wanatungwa kwenye kijiti na kuchomekwa mchangani kando ya moto, upande ambao upepo hauleti moshi. Hawakai juu ya makaa, wanaiva kwa joto la ubavuni huku mafuta yao yakitiririka. Chumvi ya mawe tu, basi. Wachomaji wanasema samaki hawa wana mafuta mazuri kuanzia Mei mpaka Agosti, na Juni ile walikuwa wanono. Unakula kwa mikono, na aliyetaka uma alitazamwa kwa huruma. Mzee mchomaji alipojua tumetoka Afrika Mashariki alitaka kujua samaki gani wanapatikana kwetu, na Kihispania changu kilikwama kwenye majina ya samaki, changu na tasi, nikamwonyesha picha kwenye simu. Tulikaa hapo tukaoga bahari, ambayo ni ya baridi kuliko unavyotarajia kwa jua lile, na dada wa Dodoma, ambaye hajazoea bahari, aliingia mpaka magotini na akakataa kutoka.

Tuliporudi mjini jua lilikuwa bado, maana Juni huko linazama karibu saa 4 kasoro usiku. Karibu na kanisa kuu alikuwa akipita muuza biznaga, kashika jani nene la mpungate lililochomekwa mashada meupe. Kila shada ni maua ya asmini yaliyochumwa yakiwa bado matumba, yakachomekwa moja moja kwenye miba ya mmea uliokaushwa, na jioni yanafunguka. Nilinunua moja kwa sababu ya harufu. Ilikuwa harufu ya kikuba cha mama akienda harusini, na nilitembea nalo mkononi mpaka kituo cha mabasi.

Basi liliondoka kwa wakati, dereva alikuwa makini, viti vizuri. Kwenye basi nilimwendea kiongozi wa chama nikamweleza niliyoyaandika hapa: mtembezaji abaki siku nzima, watu wagawanywe makundi mawili ili walio nyuma wasikie, tiketi za makumbusho zikatwe za wote, na chakula cha mchana kihamie Pedregalejo. Alisikiliza, akabisha kidogo kuhusu gharama. Tulipiga hesabu pamoja, na pesa tuliyolipia wali ule ingetosha samaki wa kila mtu na nauli ya basi la mji. Alisema safari ya Septemba itapangwa hivyo, na kwamba yule mama ameshakubali kuja. Kaka wa Bukavu na mimi tumeshaandikisha majina. Dada wa Dodoma anarudi nyumbani Agosti, nafasi yake iko wazi.