Filta za lenzi za zamani: anza na ringi, kioo baadaye

Jamani kabla hujatoa hela ya filta yoyote ya lenzi ya kamera, igeuze lenzi usome mbele. Wengi wakiona 50mm wanakimbilia filta ya 50, kumbe hiyo ni urefu wa fokasi (lenzi inavuta karibu au inaona pana kiasi gani), siyo upana wa mdomo. Unatafuta namba iliyo karibu na kile kiduara kilichokatwa na mstari, Ø49, Ø52 hivi, ni milimita. Kwa lenzi za zamani zinazojulikana, Takumar nyingi za 50 na 55 ni 49, Nikkor nyingi za manual ni 52, Helios 44-2 ni 49 ila ndugu yake 44M ni 52, na Jupiter-8 ni 40.5. Haijaandikwa? Pima kwa kalipa, ndani ya nyuzi (ile mizunguko ya kufungia filta kama skrubu).

Kwenye njia za kufunga filta, namba moja kwangu ni stepapu ringi (ringi ya nyuzi inayofanya filta kubwa ikae kwenye lenzi ya mdomo mdogo), tena kwa mbali sana. Unanunua filta moja kubwa ya maana, 67 au 77 kutegemea lenzi yako yenye mdomo mpana zaidi, halafu kila lenzi unaipa ringi yake. Ringi haina kioo, so hata ya bei chee haikuharibii picha. Namba ya kwanza ni upande wa lenzi, yaani 49-67 inaingia kwenye lenzi ya 49, ukibeba 67-49 imekula kwako. Ukipata za brasi chukua, za alumini zinang'ang'aniana, mimi nilibebanisha mbili zikagoma kutoka nikazibana kwa vidole weee, kumbe ukibana ringi inapinda kidogo na kuzidi kushika. Zungushia rababendi pembeni, shika kwa kiganja chote bila kuminya, inaachia. Kasoro yake ni hudi ya zamani (kile kikinga jua cha mbele) haikai tena, na hizi lenzi kotingi zake (tabaka la kuzuia mng'ao kwenye kioo) nyingi ni dhaifu, so jua likiwa pembeni kinga kwa mkono.

Namba mbili, filta yuzdi ya saizi yenyewe, kama lenzi zako zote ni saizi moja. Imulike uone mikwaruzo na ukungu, kagua ukingo kama haujagongwa. Polaraiza (filta za kupunguza mng'ao wa maji na vioo) za zamani nyingi ni za aina ya linia, kwenye DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) zinachanganya kipima mwanga na otofokasi, kwenye mirolesi (zisizo na kioo hicho) hazina shida.

Tatu, holda ya filta za mraba. Nzuri kwa anga la jioni, ila mwanga unapenya kwa nyuma na kubeba ni kazi.

Wenye Rolleiflex ya lenzi mbili mara nyingi hamna nyuzi hapo mbele, ni beyoneti, yaani unaingiza na kuzungusha kidogo inajifunga (Bay I, II au III), tafuteni adapta ya beyoneti kwenda nyuzi kisha mrudi namba moja.

Mwisho kabisa stepudauni, filta ndogo kwenye mdomo mkubwa. Kwenye lenzi ya 28mm pembe za picha zinakuwa nyeusi tii. Kwenye 135 unaweza kuponea, ila jaribu ukiwa umefungua apacha (tundu la mwanga ndani ya lenzi) yote, usije ukagundua nyumbani.