Toastmasters mtandaoni: mbuzi ya nazi iliyonifungua ulimi

Kazi yangu ni nyaraka za mizigo kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Kiingereza nakisoma na kukiandika kutwa nzima. Lakini ikiingia simu inayoanza na +971, ya wateja wetu wa Dubai, nilikuwa namsukumia mwenzangu apokee. Nilifanya hivyo miaka 5, na iliniuma: ripoti naandika mimi, anayeonekana anajua kazi ni yeye aliyeongea.

Chanzo nakijua. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo yakageuka ghafla kuwa Kiingereza. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha shingoni. Ukikutwa unaongea Kiswahili unakivaa mpaka umnase mwingine. Wengi wetu tukaona salama ni kukaa kimya. Ukubwani nikalipia kozi, mwalimu akawa ananikatiza kila nikiteleza. Wiki ya 3 nikaacha.

Toastmasters nilielekezwa na dada mmoja tuliyesoma naye. Ni vilabu vya kujizoeza kuzungumza mbele za watu. Cha kwanza kilianzishwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, na siku hizi vingine vinakutana mtandaoni. Nikaingia kama mgeni, bila malipo, kwenye klabu yenye Wahindi, Wathai, Wamisri, Wajapani na Waganda. Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba karibu wote Kiingereza walikikuta shuleni kama mimi. Mmisri mmoja alitamka "p" zake zote kama "b", na hakuna aliyecheka wala aliyeshindwa kumwelewa.

Kuna kipindi wanakiita Table Topics. Unaulizwa swali papo hapo, unajibu kwa dakika 1 hadi 2, na mtunza muda anakuonyesha kijani, njano, kisha nyekundu. Mimi niliulizwa chakula kinachonikumbusha nyumbani. Nikaanza na wali wa nazi, nikafika kwenye kukuna nazi, neno la Kiingereza likanipotea. Zamani ningeishia hapo. Nikajikuta naeleza kwa maneno madogo madogo: kuna kigoda, kina ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia, na sisi tunakiita mbuzi. Mama mmoja wa Kerala, India, akainuka kwenda jikoni, akarudi na cha kwao, chirava. Kijana wa Thailand akasema kwao kinaitwa sungura! Tulicheka wote, na muda ulipokwisha nilikuwa bado nina la kusema. Sikumbuki kama sarufi yangu ilikuwa sawa. Nakumbuka walitaka kusikia zaidi, na hilo hakuna kozi iliyowahi kunipa.

Mengine niliyojifunza hayamo kwenye kitabu cha sarufi. Mjapani mmoja alisema amechoka na kazi, nikamwambia "sorry", akashangaa: umenikosea nini? Ndipo nikagundua kuwa nilikuwa natafsiri "pole". Nikawaeleza pole ni nini, na sasa kikao kizima kinalitumia kwa Kiswahili. Ukimya wa Wajapani nao nilidhani ni kuchoshwa na maneno yangu, kumbe mwenzio anafikiri kabla ya kujibu. Nikaacha kuujaza ule ukimya kwa "aah", ambazo kuna mtu kazi yake ni kuzihesabu. Kwenye hotuba yangu ya kwanza, ile ya kujitambulisha ya dakika 4 hadi 6, alihesabu 19. Majuzi zilikuwa 4.

Usiende ukitarajia darasa la Kiingereza. Nyakati na viambishi hutafundishwa; baada ya hotuba unapewa tathmini ya dakika 2 au 3 juu ya ulivyozungumza. Mimi nililipa dola 60 za miezi 6 na dola 20 za kujiandikisha, si hela ndogo kwa mshahara wetu. Video nayo inakula bando, kwa hiyo nafungua kamera zamu yangu ikifika tu.

Mwezi uliopita ile simu ya Dubai iliita, mwenzangu yuko kwenye chai. Nikapokea. Yule bwana aliongea mbio, nikamwomba arudie polepole, mara mbili, na akarudia bila kinyongo. Kontena lake lilikwama kwa kosa la namba kwenye nyaraka. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, tukamaliza.

Kama Kiingereza kimekujaa kichwani lakini mdomoni hakitoki, ingia kama mgeni kwenye klabu mbili tatu kabla hujalipa. Tafuta iliyochanganya watu wa nchi nyingi, na siku ya kwanza waombe wakuulize swali.