Uzoefu wangu: msuli wa mgongo unaokunja mkono wangu

Mimi ni mchoraji wa hina na piko wa Mji wa Kale, Mombasa, na mkono wa kulia ndio unaonilisha. Nilipoambiwa kwamba uvimbe uliokuwa ukikua juu ya kiwiko changu ni sakoma, yaani saratani ya tishu laini, swali langu la kwanza lilikuwa kama mkono utakatwa. Haukukatwa, na ninaandika kueleza huduma niliyoipata kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo ya aina hii kwa Kiswahili sikuyapata.

Kabla ya hapo zahanati moja ilikuwa imenipangia siku ya kuutoa uvimbe huo kwa ganzi ya hapo hapo, kana kwamba ni mafuta tu, bila picha wala kipimo. Uvimbe uliozidi sentimita 5, au uliojichimbia ndani ya msuli, au unaoendelea kukua, haufai kukatwa kabla ya kupigwa picha ya MRI na kutolewa kinyama cha kupimwa kwa sindano, kwani kisu kikipita katikati yake chembe za saratani huweza kuenea kwenye nyama iliyo salama. Dada yangu ndiye aliyekataa, nami namshukuru hadi leo.

Nilianza na mionzi, vikao 25 kwa wiki tano, kisha nikapumzishwa ngozi itulie. Siku ya upasuaji, madaktari wa kwanza waliutoa uvimbe pamoja na nyama salama iliyouzunguka, na kwa kufanya hivyo walilazimika kuondoa karibu msuli wote unaokunja kiwiko. Wale wa upasuaji wa kurekebisha wakauchukua msuli mpana wa mgongo, wakaupitisha kwapani chini ya ngozi bila kuukata mshipa wake wa damu wala neva yake, wakaushonea kwenye kano ya kiwiko, na kipande cha ngozi ya mgongo kikaja nao kuliziba pengo. Nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, ndiyo maana ukahitajika msuli unaokuja na damu yake wenyewe badala ya kiraka cha ngozi cha kubandika. Daktari alikuwa amenichorea haya yote kwenye karatasi, na mimi niliyezoea michoro nilitulizwa moyo na mchoro ule kuliko maneno yoyote.

Wauguzi wa zamu ya usiku wanastahili sifa. Kila saa mmoja wao alikuja na tochi, akatazama rangi ya ngozi iliyohamishwa, akaigusa kujua joto lake, akaibonyeza kwa kidole kuona damu inarudi upesi kiasi gani, na kila mara alisema, "Mama, niwie radhi, nakuamsha tena."

Lawama yangu ni ya baada ya wodi. Niliruhusiwa kwenda kwa dada yangu Likoni, mkono ukiwa umekunjwa ndani ya gango kwa wiki sita, bila miadi ya mazoezi ya viungo na bila kuambiwa kwamba maji hujikusanya mara nyingi pale mgongoni palipotolewa msuli. Yalipojaa niliamini saratani imerudi. Nikavuka feri alfajiri, kabla ya msongamano, nikiukinga mkono kwa mwili wangu, na sindano ikayatoa kwa dakika chache. Hofu ile ya usiku kucha ingeondolewa na sentensi moja.

Mtaalamu wa mazoezi nilimtafuta mwenyewe. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, kohoa," nami nilipokohoa nikauona msuli mkononi ukiruka, kwa kuwa msuli ule wa mgongo hujikaza mtu anapokohoa. Kutoka hapo nikaanza kuufundisha kukunja kiwiko, asubuhi na jioni, kwa miezi. Upasuaji wenyewe naupa nyota tano, ufuatiliaji mbili, na kwa anayejiandaa nasema ahakikishe ana miadi ya mazoezi ya viungo kabla hajatia saini ya kukubali kupasuliwa. Bado napigwa picha ya kifua kila baada ya miezi michache, kwa kuwa sakoma ikirudi mbali hupendelea mapafu.

Mwezi uliopita nilimchora bibi harusi mikono yote miwili, kiwiko changu kikiegemea mto. Kazi niliyokuwa nikiimaliza kwa saa tatu ilinichukua saa tano.