Duka la Vileo la Barabara ya Ngong: Chupa Nzuri, Kadi za Kupotosha

Niliingia katika duka hili, lililo kando ya Barabara ya Ngong, kumtafutia mjomba wangu zawadi ya kustaafu. Naye, kwa jinsi ninavyomfahamu, husoma karatasi ya chupa yote kabla ya kushukuru. Wiski za Uskoti zimejaa rafu mbili, na stempu za ushuru za KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) nilizozikagua kwa simu zilisomeka zote. Kilichonikwaza ni kadi zilizobandikwa ukingoni mwa rafu hizo.

Kadi moja kubwa yenye maneno "Single Malt" ilisimamia Glenfiddich ya miaka 12, Laphroaig ya miaka 10, Monkey Shoulder na Johnnie Walker Green Label. Mbili za mwanzo zinaistahili. Mbili za mwisho haziistahili, wala watengenezaji wake hawajadai hivyo, kwani kwenye chupa wameandika waziwazi "Blended Malt". Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zimeigawa wiski ya Uskoti katika makundi matano, na katika mgawanyo huo neno "single" huhesabu kiwanda. Glenfiddich hukenekwa katika kiwanda kimoja tu, kule Dufftown, kwa maji na kimea cha shayiri ("malt", yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa), bila nafaka nyingine. Green Label nayo ni ya kimea kitupu, ila imetoka katika viwanda kadhaa ndipo ikachanganywa. Hilo haliifanyi kuwa duni, na mimi binafsi naipenda kuliko baadhi ya zile zinazojivunia kiwanda kimoja. Lakini anayelipa maelfu ya shilingi ana haki ya kujua analipia nini.

Nilipomweleza mhudumu, alinijibu kwa upole, "Mkubwa, hizi zote ni malt, tofauti ni bei tu." Tuligeuza chupa ya Monkey Shoulder, tukasoma pamoja, akacheka, kisha akaing'oa kadi ile kubwa papo hapo.

Rafu ya chini ilikuwa na kadi ya "Blended". Johnnie Walker Black Label ilikuwa mahali pake, kwa kuwa huchanganya wiski za kimea na wiski za nafaka, zile zinazoweza kutiwa ngano au mahindi. Haig Club, iliyowekwa ubavuni mwake, ni ya nafaka lakini ni ya kiwanda kimoja, Cameronbridge, kwa hiyo haina mchanganyiko wa namna hiyo. Pia chupa zisizotaja umri zilipewa kadi ya "changa", jambo ambalo si sahihi: sheria inadai kila wiski ya Uskoti ikae angalau miaka 3 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na isishuke chini ya asilimia 40 ya kileo, hata kama umri haukuandikwa. Umri ukiandikwa, ni wa ile iliyo changa kuliko zote humo ndani.

Nilichukua Laphroaig, kwa sababu mjomba hupenda ule moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaochomwa kukaushia kimea) wa kisiwa cha Islay, Uskoti, na mhudumu akaifunga vizuri kwa karatasi nene bila malipo ya ziada. Wiki iliyofuata nilipopita tena, rafu ya juu ilikuwa na kadi mbili tofauti, zimeandikwa kwa mkono. Haig Club ilikuwa bado iko chini, ubavuni mwa Black Label.