Geji ya kompresheni kwa pikipiki ya zamani inayogoma kuwaka: uzoefu wangu

Geji ninayoizungumzia hupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na ni ile ya kufunga kwa kuzungusha kwenye tundu la plagi. Ina saa ya duara yenye mshale, bomba fupi la mpira, na vipande vya kubadilisha ili ikae kwenye tundu la milimita 10, 12 au 14. Nimeitumia kwenye pikipiki yangu ya miaka mingi, silinda moja, cc 125, ya kabureta na kiki. Kwa kazi niliyoinunulia naipa alama za juu kabisa. Naandika kwa sababu naona wenye pikipiki za umri huu wakibadilisha plagi, koili na hata kabureta nzima, na asubuhi inayofuata bado wanasukuma.

Dalili ilikuwa moja na haikubadilika: kiki haiwashi, kusukuma kunawasha. Ikiwa baridi, unapiga kiki mpaka jasho linatoka na injini haitoi hata mlio wa kudanganya. Ukiisukuma ikiwa gia ya pili na kuachia klachi, inashika papo hapo, kisha inatembea vizuri. Kila aliyepita alisema kabureta. Dalili yenyewe ilikuwa inasema jambo jingine, na hapo ndipo ningependa mwenye pikipiki kama yangu atulie kidogo kabla hajashika bisibisi.

Kiki huizungusha injini polepole. Kama valvu hazifungi vizuri au ringi za pistoni zimelika, hewa iliyobanwa hupata muda wa kuvuja kabla plagi haijapiga cheche. Ukisukuma, injini huzunguka kwa kasi zaidi, muda wa kuvuja hupungua, na mgandamizo unaobaki hutosha kuwasha. Magneto, ile sumaku inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, nayo hutoa umeme mwingi zaidi ikizunguka haraka. Kwa hiyo inayowaka kwa kusukuma tu inakuelekeza kwanza kwenye mgandamizo au cheche. Jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli, ikiziba, kwa kawaida utaliona tatizo pia pikipiki ikiwa imesimama inanguruma: itazimika kila ukiachia mkono wa mafuta. Yangu ilikuwa inanguruma bila wasiwasi.

Nilianza na cheche kwa sababu ni rahisi kupima. Plagi ilitoka imelowa petroli, maana yake mafuta yanafika. Ingetoka kavu baada ya kiki zote zile, ningekwenda kwenye koki ya petroli, kichujio chake, na kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, ambacho kikiziba petroli hugoma kushuka. Nafasi ya plagi ilikuwa milimita 0.7, sawa na kitabu cha pikipiki. Kuona cheche plagi ikiwa nje hakutoshi, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche hupata shida zaidi kuruka. Nilitumia kipima cheche chenye nafasi ya kurekebisha, nikakifungua hadi milimita 6, na cheche iliruka ya buluu, kali. Kifunge mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kulipuka.

Basi ikabaki mgandamizo, na hapo geji ilianza kazi.

Matumizi yake ni mepesi ukiyafuata. Funga kwa vidole tu, usitumie spana, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha alumini na thredi zake hazisamehe. Zima swichi, na waya wa plagi ugusishe bodi ya injini ili usiunguze CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche. Fungua mkono wa mafuta wote, choki isiwe imevutwa, halafu piga kiki za nguvu mpaka mshale usipande tena. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, hewa haiingii ya kutosha na utapata namba ya chini isiyo ya kweli. Ukiwa na injini yenye kipunguza mgandamizo kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu), namba ya kiki itakuwa chini pia, hata kama ni nzima, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza.

Yangu ilisoma psi 85 (psi ni kizio cha mgandamizo). Injini ndogo za aina hii zikiwa na afya hutarajiwa kupita psi 120 kwa raha, na nyingi hufika 150 au zaidi. Nikaweka kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, nikazungusha kidogo ienee, nikapima tena. Jaribio hili nalipenda kuliko yote: oili huziba kwa muda mwanya wa ringi. Namba ikipanda sana, ringi au silinda ndizo zimechoka. Ikibaki pale pale, tazama valvu au gasketi ya kichwa. Yangu haikusogea kwa maana yoyote.

Nikafungua kifuniko cha valvu injini ikiwa baridi, nikazungusha mpaka alama ya T kwenye magneto ikalingana na alama ya bodi. Kwa kawaida hapo roka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, zikiwa huru, ndipo ujue pistoni iko juu katika mpigo wa kubana. Ila ya eksosi haikuwa huru. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi kati ya roka na valvu, ya milimita 0.05 haikuingia kabisa. Kitabu cha injini yangu kinataka 0.08 kwa zote mbili. Na hapa kuna jambo linalowapita wengi: tapeti (skrubu ya kurekebisha nafasi hiyo) iliyolegea hupiga kelele, kila mtu huisikia na kuikimbilia. Iliyobana iko kimya. Kadiri valvu na kiti chake vinavyolika, valvu hupanda juu kidogo kidogo na nafasi huisha, injini ikisikika laini kama mpya. Ikifikia kutokufunga kabisa, moto hupita pembeni na kuila valvu. Ukimya wa tapeti kwenye pikipiki ya zamani si sifa.

Nililegeza nati, nikaweka 0.08, nikakaza huku nimeishika skrubu isizunguke, nikapima tena kwa sababu kukaza huvuta nafasi. Geji ikarudi mahali pake: psi 140. Tangu hapo inawaka kwa kiki, baridi au moto, choki ikivutwa asubuhi tu kama ilivyokusudiwa.

Sasa kasoro ya bidhaa. Kwanza, kabla ya kununua angalia kile kivalvu kidogo kinachozuia hewa isirudi kiko wapi. Kwenye geji nzuri kiko mwisho wa bomba, karibu na thredi. Nyingine hukiweka juu karibu na saa, na kwa injini ndogo hilo ni tatizo kubwa. Injini ya cc 125 yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 ina chumba cha kuchomea cha takriban cc 16 tu. Bomba lenye nafasi ya cc 5 au 6 likiungana na chumba hicho, namba inashuka sana na utahukumu injini nzima kuwa mbovu. Kwenye gari huenda usione tofauti kubwa, kwenye pikipiki utaiona. Yangu iko sawa kwa hilo, na ndiyo sababu nimeichagua.

Pili, mpira wa kuziba kwenye vipande vya thredi ni mwembamba. Wangu umeshaanza kupasuka na nimeubadilisha kwa mwingine mnene. Ukisikia upepo ukitoka pembeni unapopiga kiki, usiiamini namba. Tatu, hakikisha thredi ya kipande haizidi urefu wa thredi ya plagi yako, isije ikagonga pistoni au valvu.

Ile ya kubana kwa mkono kwenye tundu, yenye ncha ya mpira, siipendekezi kwa mtu wa kiki aliye peke yake. Huwezi kuikandamiza vizuri, kufungua mkono wa mafuta na kupiga kiki kwa wakati mmoja.

Psi 140 nimeiandika kwenye kitabu cha matengenezo pamoja na kilomita. Nitakuwa napima kila nikikagua tapeti. Namba ikishuka tena na nafasi ya eksosi ikiwa imeendelea kuisha haraka, nitajua kiti cha valvu kinakwisha na kichwa cha silinda kitalazimika kufunguliwa.